Aliyekaa Zamu ya Shifa

Mboni aliona kiatu kwanza.

Alikuwa ameingia kazini asubuhi kama kawaida, akayakuta mapokezi ya hoteli ya Gharib Plaza yamepangwa vizuri kuliko siku zote. Funguo zilining'inia kwenye misumari yake. Kaunta ilifutwa ikang'aa. Koti la sare la mwenzake wa zamu ya usiku lilikunjwa juu ya kiti, beji ikitazama juu: SHIFA. Mboni akainama kuweka mkoba wake chini ya kaunta. Hapo ndipo kilipokuwa kiatu, na ndani ya kiatu mlikuwa na mguu.

Inspekta Klementina Mayige alifika na Sajenti Josia kabla mji wa Bariadi haujachangamka. Alichuchumaa, akamulika tochi. Shifa alikuwa amelazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa ili aenee. Shingoni palikuwa na alama nyembamba ya mtandio. Mtandio wenyewe alifunikwa nao uso.

"Amenyongwa," alisema daktari wa polisi. "Mwili umeshaanza kukakamaa. Alikufa kabla ya adhana ya alfajiri."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Hakuna kilichoibwa. Mlinzi wa getini hakuona mtu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, lakini haukuvunjwa. Komeo lake lilikuwa na namna yake ya kunyanyuliwa, na namna hiyo waliijua wafanyakazi tu.

Josia alirudi ndani akiwa na simu mkononi, uso umembadilika.

"Afande, kuna mgeni ameondoka asubuhi hii. Fredrick, mnunuzi wa pamba. Yuko njiani, amefika Kasoli. Anasema amehudumiwa na Shifa."

"Saa ngapi?"

"Jua likiwa limeshatoka."

Mboni alishika ukuta. Mpishi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kusali kwa sauti ya chini.

Klementina aliichukua simu. "Bwana Fredrick, Shifa ulikuwa unamjua?"

"Hapana, afande. Jana nilipokelewa na dada mwingine. Huyu wa leo nilisoma jina lake kwenye koti. Nilimpigia simu kutoka chumbani aniitie bajaji. Nilipoteremka akapokea ufunguo, akaniuliza kama nimelala vizuri. Dada mstaarabu sana."

"Alikuwa wapi?"

"Nyuma ya kaunta. Ila hakusogea hata kidogo. Alikuwa ananyoosha mkono tu. Kama miguu yake imebanwa na kitu."

Josia aliutazama mwili uliokuwa chini ya kaunta, akarudi nyuma hatua moja.

"Ulipompigia, alipokea vipi?" aliuliza Klementina. "Niambie kama alivyosema mwenyewe."

"Alisema, 'Nyota Njema, mapokezi, nikusaidie nini?'"

Mzee Gharib, mwenye hoteli, alikuwa akizungusha tasbihi. Vidole vikasimama.

"Nyota Njema ni nini, mzee?"

"Jina la zamani la hoteli hii. Nililibadilisha nilipoinunua, mwaka juzi. Mboni hajawahi kulitumia."

"Nani walikuwa wanapokea simu enzi hizo?"

"Shifa, na msichana mmoja anaitwa Minza. Lakini Minza amekufa, Inspekta. Kwao Nkoma walisema wameshamzika."

Akaeleza. Mwanamke mmoja aliyemkimbia mumewe alikuja kulala hotelini. Mume akamfuata, akapewa ufunguo wa akiba pale mapokezi. Mke akakutwa amekufa chumbani. Mume alifungwa. Aliyetoa ufunguo, Shifa alisema, ni Minza. Minza akafukuzwa kazi, na habari zikamtangulia kijijini.

"Amerudi," alinong'ona mpishi. "Ndiye."

"Maiti haachi alama za vidole," alisema Klementina. "Pima mkono wa simu, Josia."

Alama zilikuwepo, nyingi na safi. Hazikuwa za Shifa wala za Mboni.

Nkoma, mashamba ya pamba yalikuwa meupe pande zote, na hapakuwa na upepo. Bujiku, kaka yake Minza, aliwapokea uani.

"Mwadila, baba," alisalimia Klementina kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Tunamtafuta Minza."

"Tulishamzika."

"Tuonyeshe kaburi."

Bujiku alitazama zizi la ng'ombe, akatazama chini. "Hatukuchimba kaburi. Tulisema tu amekufa. Watu walikuwa wameacha kuja hapa kwa sababu yake."

Akaonyesha kwa kidevu. Ng'ambo ya ua wa minyaa kulikuwa na kibanda peke yake, mlango wazi. Majani yalikuwa yameota mpaka kizingitini, yamelazwa na nyayo za mtu mmoja.

Kabla hawajapiga hodi, sauti laini ilitoka gizani.

"Karibuni. Niwasaidie nini?"

Nywele za Josia zilimsimama. Ndani alikaa mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka, viganja juu ya meza tupu.

"Minza, si lazima useme lolote," alisema Klementina. "Ukisema, litaandikwa."

"Liandikwe."

"Ule ufunguo ulitoa wewe?"

"Hapana. Nilikuwa jikoni nakunywa chai. Yule bwana alimwambia Shifa amemletea mkewe dawa, Shifa akamwonea huruma. Baadaye akanipigia magoti. Akasema ana mtoto mchanga, nisimtaje. Nikanyamaza. Kesho yake akawaambia ni mimi."

"Na jana usiku ukamfuata hotelini?"

"Nilitaka aje hapa amwambie kaka yangu ukweli. Mara moja tu, basi. Akasema hayo yamepita, niondoke wageni wasije wakaniona. Akanipa mgongo. Nikashika mtandio ili ageuke." Aliitazama mikono yake. "Nikavuta. Nikaendelea kuvuta."

"Ukamficha. Kwa nini hukukimbia?"

"Nilikaa naye sakafuni mpaka kukapambazuka. Nikainuka niondoke. Simu ikaita."

Minza aliinua kiganja kimoja kutoka mezani.

"Mkono ulienda wenyewe. Halafu nikavaa koti, kwa sababu mgeni alikuwa anashuka. Huku Nkoma, ndoo niliyoigusa watu wanaisuuza. Yule kijana alinipa ufunguo, vidole vyake vikanigusa, akasema asante, dada. Akaondoka, nikafuta kaunta. Nikapanga funguo. Shifa alikuwa miguuni kwangu, afande, na mimi nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linalonitisha."

Klementina alimfunga pingu mwenyewe. Uani alisimama mbele ya Bujiku.

"Ule ufunguo hakutoa yeye," alimwambia. "Lakini amemuua Shifa. Amekiri."

Minza alipokwisha kuingizwa garini, Bujiku alikwenda ndani akarudi na kikombe cha maji, akakipitisha dirishani. Dada yake alikishika kwa mikono iliyofungwa, akanywa nusu, akakirudisha bila kumtazama.

Bujiku alikitazama kikombe. Kisha akayanywa maji yaliyobaki, mpaka tone la mwisho, na gari likaondoka.