Maji ya Betri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tabea aliinywesha mashua maji. Alipanda juu ya lori lililoibeba, akazimwagia mbao zake maji ya kisima ili zisikauke na kupasuka. Mashua yenyewe ilikuwa haijawahi kuliona ziwa. Ilikuwa imekwama hapo Makambako, ambako maji makubwa kuliko yote ni dimbwi la mbele ya soko, ikisubiri springi mpya ya lori ili iendelee na safari ya Ziwa Nyasa kupitia Njombe. Mbuzi wote wa Makambako walikuwa wamekuja kuitazama, na wachache walijaribu kuionja.

Baba yake, Enoki, alikuwa seremala aliyeajiriwa kuziba mianya ya mashua kwa pamba na lami. Dereva, Mzee Linus wa Uwemba, alikuwa amemwahidi Tabea jambo kubwa: springi imefika, na kesho alfajiri angempakia hadi Njombe akafanye mtihani wa kuingia shule ya kati ya bweni. Mtihani ulikuwa keshokutwa. Basi lilikuwa limekwisha kupita, na jingine lilikuwa la wiki ijayo. Kulikosa lori kulikuwa kuikosa shule.

"Kamwene, kapteni!" Yoeli, mtoto wa shangazi yake, alimsalimu kutoka chini. "Umevua samaki wangapi leo?"

"Mmoja tu, na anafanana na wewe."

Tabea alikuwa bado anacheka alipofika nyuma ya mashua, ilipokaa betri ya injini ya mashua hiyo ndani ya sanduku lake. Chini yake palikuwa na majimaji ambayo hakuyamwaga yeye. Ubavuni mwa betri palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na tone lilikuwa likifuata tone.

Kicheko kikamkauka. Mzee Linus hakuwa mtu wa kuondoka hata na nati moja iliyolegea. Akiuona ufa huu, safari itaahirishwa. Ndipo Tabea akakumbuka maneno ya mzee huyo huyo: "Betri ikipungua maji, inaongezwa maji, basi." Kwa hekima kubwa ya mtu mwenye haraka, akakata shauri kwamba jambo lilikuwa dogo. Maji yanavuja, maji yataongezwa, na Mzee Linus hatasumbuliwa.

Akayafuta yaliyomwagika kwa kitambaa chake cha kichwa. Akafungua vifuniko vya betri na kumimina maji ya kisima mpaka yakajaa. Juu ya ufa akabandika nta ya nyuki, kisha akaenda shule akiwa na uso wa mtu asiye na habari yoyote.

Mchana aliporudi, nta ilikuwa imening'inia kama mdomo wa mtoto aliyenyimwa nyama. Matone yaliendelea. Akaongeza maji. Yakavuja. Akabandika nta nyingine. Ikabanduka. Vidole vilianza kumwasha, kisha vikamchoma. Alipokiokota kitambaa chake, kilikuwa matobo matupu, kana kwamba kimeliwa na panya.

"Shindwa!" aliiambia betri, akalipiga teke sanduku na kuumia kidole cha mguu. "Huwezi kunyamaza hadi keshokutwa?"

"Unagombana na nani?" Yoeli aliuliza kutoka chini.

"Na betri."

"Nani anashinda?"

"Yoeli, nenda kwenu!"

Alasiri Enoki alipanda kukagua kazi yake. Alipofika nyuma akapiga magoti. "Mbona mbao hizi zimelainika?" akasema, akainyoosha mikono mitupu chini ya sanduku, huku uso wake ukiwa karibu kabisa na matone.

Tabea aliiona Njombe ikimponyoka. Alitazama vidole vyake vilivyovimba, kisha macho ya baba yake.

"Baba, usiguse! Hayo maji yanauma!"

Mzee Linus aliitwa. Alichungulia, akanusa, akakunja uso. "Nani amefungua vifuniko hivi?"

"Mimi, Mzee. Niliongeza maji. Nilifuta pia, na kuweka nta. Niliogopa utaahirisha safari."

"Maji ya kisima? Kwenye asidi?"

"Lakini wewe mwenyewe unayaita maji ya betri!"

"Tunayaita maji kwa uvivu wa ulimi," alisema Mzee Linus. "Ni asidi, mwanangu. Inakula nguo, inakula mbao, na ikirukia jicho inakula jicho. Osha mikono hiyo sasa hivi! Maji mengi, na usiache mpaka nikuambie!"

Tabea akaosha huku mzee akiendelea. "Huo ufa ni kazi ya barabara ya kutoka Iringa, si yako. Ungeniambia asubuhi tungekuwa tumemaliza. Sasa nguvu za betri zimekwisha na mbao zimeharibika. Siondoki na asidi inayochuruzika."

"Nifanye nini, Mzee?"

"Magadi. Mengi."

Tabea akakimbia nyumbani, akachukua kopo lote jikoni.

"Magadi yangu ya maharage!" alipiga kelele mama yake, Dorkasi.

"Mashua inaumwa, Mama!"

"Inaumwa tumbo?"

Magadi yalipomwagwa kwenye asidi yalitoa povu na kuchemka kama pombe changa, mpaka yakatulia. Mzee Linus alifunga mikono kwa magunia, akaimwaga asidi iliyobaki katika chupa, akaiosha betri na kuikausha. Enoki alichemsha lami mbali kabisa na mashua, akauziba ufa. Halafu akaanza kung'oa mbao zilizoliwa, na Tabea, vidole vikimwuma, alishikilia kila ubao mpya uliopigiliwa.

"Betri itasafiri ikiwa tupu," Mzee Linus aliamua. "Betri tupu haivuji. Gereji ya Njombe wataitia asidi mpya."

Alfajiri ilipita wakiwa bado kazini, na lori liliondoka jua likiwa juu. Lilipopanda mlima likiyumba, Tabea, aliyekaa nyuma na baba yake, aliona kamba ya mashua ikilegea. Akapiga bodi kwa ngumi zote mbili.

"Simama, Mzee! Kamba!"

Mzee Linus alisimamisha gari. Alishuka akinung'unika, akaikaza, akaijaribu, kisha akamtazama Tabea.

"Tumechelewa tena," alisema Tabea kwa uchungu.

"Tumechelewa kidogo, na mashua ipo," akajibu mzee. "Jana ulinificha ili tuwahi, tukapoteza nusu siku na karibu macho ya baba yako. Kitu kikiharibika mbele yako, hata kama hukukiharibu wewe, sema palepale. Na kama hukijui, usikiamini kwa jina lake. Uliza."

"Amesikia," alisema Enoki.

"Nimesikia, Mzee."

"Basi shika bodi vizuri. Njombe kuna mtu anatakiwa kwenye mtihani kesho."