Siku Mbili Kilimani au Siku Saba Ziwani

Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1995, saa nne asubuhi, Boke alikuwa jikoni kwake, Kitaji, mjini Musoma. Mkono wake wa kulia ulikoroga uji. Mkono wa kushoto ulishika tumbo.

Sebuleni walikaa wageni wanne. Walikuwa wametoka Butiama kuja kumjulia hali mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyewapikia.

Boke alikuwa amepasuliwa tumbo mwezi Julai. Kidonda kilianza kufunga vizuri. Siku ya kumi na mbili alibeba ndoo ya maji kutoka bomba la mtaa, na nyuzi zikaachia. Akashonwa mara ya pili. Daktari alimwita mumewe, Makongoro, akamwambia bila kuzunguka:

"Kikifumuka tena, sina hakika kama nitamwokoa. Asiinue ndoo. Asitwange. Asipande ngazi. Nataka wiki nzima ya kulala na kula tu, kisha umlete nimwone."

Maneno hayo yalikuwa bado kichwani mwa Makongoro alipoingia jikoni na bahasha kutoka posta.

"Kaa chini, mama Werema."

"Nikikaa, shangazi yako atakunywa nini?"

Shangazi Marieta alisikia. Akajibu kutoka sebuleni: "Mwache apike, damu itembee! Sisi tulikuwaga tunazaa asubuhi, jioni tuko shambani."

"Na wangapi mliwazika, shangazi?" Boke aliuliza taratibu.

Shangazi akageukia wageni wenzake, akaanza habari za mvua.

Shida ya nyumba ile ilikuwa hii. Kila mgeni alikuja kwa upendo, na kila mgeni alikula. Kumwacha mgeni aondoke na njaa ni aibu. Kwa hiyo Boke hakuweza kupumzika hapo hata siku moja.

Makongoro alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Mwaka 1993 alipunguzwa kazini, akalipwa kiinua mgongo. Mwezi huohuo watu wa klabu moja ya mapumziko walifika mjini na picha za rangi. Walisema kwamba mwanachama hulipa fedha za kuingia mara moja. Baada ya hapo, kila mwaka hupewa pointi. Kwa pointi hizo hulala katika hoteli za klabu bila kulipia kitanda. Pointi zisizotumika hufa tarehe 31 Desemba.

Makongoro alitoa karibu kiinua mgongo chote. Mwaka uliofuata hakupata nauli ya kwenda popote. Pointi zikafa zote. Shemeji yake Burito, kaka wa Boke, alimwita "Bwana Pointi" mbele ya watu, tena kwenye matanga. Tangu siku hiyo Makongoro hakupenda kukaa karibu na Burito.

Sasa alifungua bahasha. Ndani mlikuwa na picha ya hoteli iitwayo Kijiji cha Kale, juu ya kilima cha mawe, mbele ya Bunda. Ilijengwa kama mji wa zamani. Kulikuwa na nyumba za msonge, paa za nyasi, vibuyu ukutani, na ngoma kila jioni. Kulala siku moja kuligharimu pointi ishirini na moja. Makongoro alikuwa na pointi arobaini na mbili. Barua ilisema kwamba akinunua nyingine ishirini na moja, atapata siku ya tatu.

"Tutakwenda hapa," alisema. "Nitauza yale mabati, tupate siku ya tatu."

"Mabati ya kuezekea nyumba yetu ya kijijini, Mwitongo?"

"Tumekwisha kulipa fedha nyingi, mama Werema. Lazima tulale mahali pa ghali. Tukilala pa rahisi, tutakuwa tumepata hasara."

Boke aliitazama picha. "Nyumba ya nyasi," alisema. "Mimi nilizaliwa ndani ya nyumba kama hii, na hakuna aliyelipa kitu." Kisha akaushika ukuta, akaketi polepole.

Jioni Makongoro alikwenda kwa jirani yake Shani. Shani alikuwa mtandika vitanda katika hoteli hiyohiyo, na wiki ile alikuwa likizo. Alimkuta uani akichagua mchele. Akamwonyesha picha.

"Kumbe sasa unakuwa mgeni wangu!" Shani alicheka. "Njoo, kaka. Nitakutandikia mpaka ushindwe kuamka."

"Ni kwa ajili ya mgonjwa. Daktari anataka apumzike."

Shani aliacha kucheka. Akaweka ungo chini. "Boke? Pale?"

"Kuna nini?"

"Kuna ngazi themanini na nne. Nazipanda kila siku na mashuka kichwani, kwa hiyo nazijua. Gari halifiki juu. Vitanda viko juu, chakula kiko chini. Mara tatu kwa siku atashuka na kupanda."

Makongoro aliitazama tena picha.

"Halafu saa kumi jioni wageni wanapewa mitungi. Wanakwenda kuchota maji kisimani, wanapigwa picha. Kisha wanasaga mtama kwenye jiwe. Wanafurahi sana. Kwao maji yanatoka ukutani."

"Boke hatakwenda kisimani."

"Sawa. Atakula nini? Pointi zinalipa kitanda tu. Chakula ni kwa dola."

"Hilo hawakuniandikia."

"Wamekuandikia. Fungua kitabu cha klabu, kurasa za nyuma, kwenye herufi ndogo kama dagaa."

Makongoro alikwenda kukileta kitabu. Alikuwa nacho kwa miaka miwili, na alikuwa amezisoma kurasa za picha tu. Maneno yalikuwepo, kama Shani alivyosema.

"Basi hoteli yenu ni ya wizi," alisema kwa hasira.

"Hapana, kaka. Ni hoteli nzuri. Mtu mwenye afya, anayependa ngoma na vilima, tena mwenye fedha ya chakula, akae hapo siku mbili. Hatajuta. Lakini uzuri wa hoteli ni jambo moja, na haja yako ni jambo jingine."

"Nimekwisha kulipa, Shani. Unanielewa? Kiinua mgongo chote."

"Ulilipa mwaka tisini na tatu. Fedha ile hairudi, ukilala kilimani au ukilala kwenye mkeka. Leo una pointi arobaini na mbili na mgonjwa mmoja. Uliza hizo pointi zitamfanyia nini."

Makongoro aliinamisha kichwa. Alijaribu kumwona Boke kwenye ngazi zile. Badala yake alimwona Burito akisikia habari za hoteli na kunyamaza. Ndipo alipotambua kwamba hoteli ile alikuwa amemchagulia Burito.

Shani alifunua ukurasa wa mwisho. Haukuwa na picha hata moja.

"Soma hapa. Nyumba ya wageni, Mugango, ufukweni mwa ziwa. Pointi sita kwa siku, chakula kimo. Niliwahi kufanya kazi pale. Vyumba vinne, paa la bati, hakuna ngazi. Mama Marcelina anapika ugali na samaki sato."

"Sita kwa siku," Makongoro alirudia. Alihesabu kwa vidole. "Siku saba."

"Wiki nzima. Daktari alitaka ngapi?"

"Wiki nzima." Akakifunga kitabu. "Watu watacheka. Kutoka Musoma mjini kwenda kupumzika kijijini Mugango!"

"Wacheke. Kidonda hakina masikio."

"Na hizi pointi za kuongeza?"

"Usinunue kitu kwa sababu barua inakuharakisha. Waandikie kwanza. Uliza chumba kipo tarehe gani, nini kimo na nini hakimo, na ada ya mwaka ni kiasi gani. Wakujibu kwa maandishi, yenye mhuri. Maneno ya mdomoni usiyasafirie na mgonjwa."

Jumanne Makongoro aliwaandikia klabu barua. Majibu yenye mhuri yalifika Alhamisi, tarehe 24. Chumba kilikuwepo na chakula kilikuwemo. Mabati hayakuuzwa.

Shangazi Marieta alinuna. "Mgonjwa anatengwa na watu wake? Tutamwonea wapi?"

"Mtamwona akirudi, shangazi," Makongoro alisema. "Na mkija, nitapika mimi."

"Wewe? Basi tutakuja tumeshiba."

Jumamosi tarehe 26 walisafiri. Makongoro alimwomba dereva wa pikapu amweke Boke mbele na apite polepole kwenye mashimo.

Usiku wa kwanza, baada ya kula, Boke alianza kukusanya sahani. Mama Marcelina alizichukua mikononi mwake. "Mama, hapa mgeni ni wewe," alisema.

Boke alibaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi. Kisha akalia. Makongoro alimshika bega. Hakumwuliza kwa nini.

Siku ya tatu Boke alilala mpaka saa nne asubuhi. Siku ya tano alimaliza samaki mzima. Kwa siku saba hakuinua kitu kizito kuliko kikombe.

Jumatatu, tarehe 4 Septemba, saa tatu asubuhi, daktari alifungua bandeji. Alibonyeza kando ya mshono, upande huu na upande ule. Boke hakukunja uso. Hapakuwa na usaha wala unyevu. Daktari alichukua kadi ya Boke akaandika: *Kidonda kimefunga. Asibebe maji kwa miezi mitatu.*