Digna Apima Upya Programu Yake

Digna anaishi peke yake Ifakara, katika chumba kimoja. Mama yake, Restituta, alifariki mwezi wa tatu. Tangu hapo Digna anapika wali wa mtu mmoja, na bado unabaki.

Aliandika programu ya kutafuta kadi za wagonjwa kwa ajili ya zahanati moja kule Kisawasawa. "Inapata kadi papo hapo," aliwatambia manesi. Siku ya kwanza kila kadi ilichukua karibu dakika nzima. Akina mama walisubiri juani na watoto wenye homa. Mganga akakasirika.

"Isiponyooka, Ijumaa tunarudi kwenye madaftari," alisema.

Digna alirudi nyumbani akajifungia. Jirani yake Frida, mwalimu wa kompyuta, akabisha hodi.

"Shikamoo, dada," Digna alimwamkia.

"Marahaba. Siku mbili hatukuoni. Kuna nini?"

Digna alimweleza. "Na nilipima, dada! Mara mia!"

"Hebu pima nione."

Digna akafungua kompyuta yake, akaandika Restituta. Kadi ikatokea papo hapo. Akaandika tena Restituta.

"Mbona jina hilohilo?"

"Napenda kuliona likitokea," alisema Digna.

Frida akamshika bega. "Pole, mdogo wangu. Lakini kompyuta imeshalikariri. Hapo haitafuti, inakumbuka tu. Na humu una kadi ngapi?"

"Ishirini."

"Zahanati je?"

"Elfu tisa."

"Basi umejidanganya. Pima kwenye kompyuta yao, kwa kadi zote. Tafuta majina tofauti, rudia mara nyingi. Usichague muda uliokupendeza. Andika wa kati na ule mrefu kabisa. Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja tu, halafu pima vilevile."

Siku tatu Digna alikwenda Kisawasawa, wagonjwa wakishaondoka. Jibu la kwanza lilimuuma: sekunde hamsini. Akapanga majina kwa alfabeti, ili programu isipekue kadi zote, akapima vilevile. Muda wa kati ukawa sekunde mbili, mrefu kabisa tatu. Safari hii hakutamba. Aliwaambia manesi, "Mbili hadi tatu."

Ijumaa foleni iliisha saa nne asubuhi. Hakuna aliyeulizia madaftari.

Digna alitoka nje, akashika simu muda mrefu, hajui ampigie nani. Mwishowe akampigia Frida.

"Imekubali, dada," alisema, akataka kukata simu.

"Usikate simu," Frida alimjibu. "Nieleze yote, tangu asubuhi."