Hakutingisha Kichwa

Tulirudi mlimani kwa sababu ya miwani. Usitafute sababu kubwa zaidi, hakuna.

Miwani ilikuwa ya mama Sutapa, mgeni kutoka Kolkata. Alikuja Jaisalmer, mji wetu wa jangwani, na mjukuu wake, na kofia ya sufu iliyomfunika masikio jua likichoma mawe. Kutwa nzima niliwatembeza, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Tulizunguka ngomeni, tukateremka sokoni, kisha tukapanda kwa miguu kile kilima nje ya mji, penye vibanda vya mawe ya njano vya kumbukumbu ya wafalme ambao maiti zao zilichomwa pale. Huko juu alikaa, akafuta jasho, akavua miwani. Alikuja kuikumbuka tumeshafika hotelini. Treni yake ilikuwa ya usiku uleule, na bila miwani alikuwa akimwita mhudumu kwa jina la mjukuu.

"Naifuata," nikasema. Jua lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu.

Mdogo wangu Sagat alikuwa akinisubiri nje. Akarukia pikipiki nyuma yangu bila kuulizwa.

"Shuka," nikamwambia. "Bwana harusi haendi popote."

Alikuwa ameshapakwa manjano. Kwetu, kijana akishapakwa manjano ya harusi hatoki uani, hasa jua likizama. Akilazimika kutoka, abebe chuma kiunoni. Harufu ile ya manjano na mafuta inafika mbali, na si watu tu wanaoisikia.

"Kaka, nimewekwa ndani kama mtungi," akasema. "Mashangazi wananipaka, wananiimbia matusi, wananipaka tena. Nionee huruma, bwana! Kisu ninacho, hiki hapa."

"Mama akijua?"

"Atakupiga wewe. Si wewe ndiye mkubwa?"

Nilicheka. Nakumbuka kwamba nilicheka, ila sikumbuki tena kicheko kinavyokuwa mwilini.

Pikipiki tuliiacha chini, njia inapoishia. Nilitangulia kupanda. Pande zote mitambo ya umeme wa upepo ilikuwa ikizungusha mapanga yake, vuu... vuu... vuu... Sauti hiyo tumeizoea hata hatuisikii. Nyuma yangu Sagat alikuwa anapiga domo kuhusu Mirga, mchumba wake, na farasi jike atakayempanda siku ya harusi, jinsi alivyo na hasira za mama mkwe.

Miwani ilikuwa palepale ilipoachwa. Nikaitia mfukoni.

Mapanga yakanyamaza.

Niligeuka kuyatazama. Yalikuwa bado yanazunguka... lakini bila sauti. Kisha ikaja harufu ya udongo uliolowa, ile ya mvua ya kwanza. Mvua gani? Kwetu mawingu yalikuwa hayajaonekana tangu mwaka jana.

"Mwanangu..."

Alikuwa amekaa chini ya kibanda cha mwisho. Mwanamke. Mtandio umemfunika uso mpaka kidevuni, kama wanavyojifunika mama zetu mbele ya wageni. Viganja vyake viwili alikuwa ameshavikinga mdomoni.

"Mwanangu... maji."

Hakunitazama mimi. Alimgeukia Sagat.

Sasa nisikilize vizuri, maana kila kitu kiko hapa. Jangwani maji hayanyimwi, hata awe adui wa baba yako. Unamimina kutoka juu, mwenzako anakinga viganja na kunywa, na wewe humkatishi mpaka yeye mwenyewe atingishe kichwa. Akitingisha, unainua chupa. Ukimkatisha kabla, kiu yake unaondoka nayo mpaka nyumbani. Mtoto wa kwetu analijua hilo kabla hajajua jina la babu yake.

Sagat alikuwa na chupa yetu iliyoshonewa gunia, na yalibaki maji ya kusukutulia tu. Akainama. Akamimina.

Mwanamke akawa anayagugumia. Gu... gu... gu...

"Taratibu, bibi, utapaliwa," Sagat akamtania.

Gu... gu... gu...

Hakutingisha kichwa.

Niliangalia chini. Maji yanayonywewa viganjani lazima yachuruzike. Pale chini palikuwa pakavu. Hata mtandio wake ulikuwa mkavu.

"Kaka..." Sauti ya Sagat ilikuwa ikikwaruza. "Chupa haiishi."

"Acha kumimina."

"Hajatingisha kichwa."

Nikamsogelea. Manjano ya shavuni yalikuwa yanabanduka vipande vipande, kama tope la kisima kilichokauka. Macho yalikuwa yamezama. Midomo ilikuwa imepasuka na damu haitoki. Mtu ambaye punde tu alikuwa akimsengenya farasi!

"Kisu," nikanong'ona. "Kisu chako kiko wapi?"

"Kwenye pikipiki... Kilikuwa kinanichoma tumbo."

Gu... gu... gu...

Hapo niliogopa. Niliogopa kweli, nikamwona mama ameshika sinia la manjano, anauliza mwanangu yuko wapi. Kumwambia Sagat akatishe, kiu inamfuata nyumbani. Kumwacha aendelee, nambeba maiti mgongoni. Sikuwa na akili nyingine. Nilipiga goti, nikaingiza viganja vyangu juu ya viganja vya yule mwanamke, chini ya maji.

Yalikuwa vuguvugu. Yalinukia manjano.

Nikanywa.

Nikatingisha kichwa.

Sagat akainua chupa. Ilikuwa tupu. Mwanamke akashusha mikono taratibu, kama mtu anayetua kuni kichwani baada ya safari ndefu.

"Umenipokea, mwanangu," akanong'ona.

Vuu... vuu... vuu... Mapanga yalikuwa yanasikika tena. Chini ya kibanda hapakuwa na mtu.

Tuliteremka nimemshika mdogo wangu kwapani. Bombani alikunywa mpaka akatapika, akanywa tena, akasema, "Kaka, tusimwambie mama." Miwani niliifikisha. Mama Sutapa alinibariki, akanisindilia peremende mdomoni kama mtoto. Niliitafuna. Haikuwa na ladha yoyote.

Harusi ikafanyika. Sagat alimpanda farasi wake mwenye hasira, ngoma zikalia, mashangazi wakaimba matusi yao yote. Mama alilia kwa furaha. Mimi nilisimama kando nikipiga makofi, nikiwaangalia wenzangu ili nijue lini niache.

Tangu siku ile ya mlimani sijasikia kiu. Nawapandisha wageni mlimani jua la utosini, wao wanahema, wanajimwagia maji vichwani, mimi mdomo mkavu wala sijali. Niliwahi kushika birika la chai kwenye jiko, nikaja kuona malengelenge baadaye. Mama aliponiuliza kama iliuma, nilifikiri kwanza ndipo nikajibu.

Mama aliniitia mganga. Mzee alininusa viganja. Akasema zamani kuna mwanamke aliyekatishiwa maji pale na msafara wa harusi, walikuwa na haraka ya kumfikisha bwana harusi. "Kiu ya namna hiyo haifi," akasema. "Inatafuta wa kuipokea." Mama akamuuliza dawa. Mzee akakunja mkeka wake, akasema amekumbuka mbuzi wake hawajafungiwa.

Daktari naye alisema ninywe hata kama sitaki, la sivyo nitaanguka. Hapo Sagat akajitwika kazi hiyo. Kila jioni akitoka kazini anapita uani kwangu, ananimiminia viganjani, mimi nakunywa, ananitania, natingisha kichwa, anakwenda kwake kwa Mirga. Na Mirga sasa ni mjamzito.

Jana walikuja wote wawili. Nilikinga viganja. Nilikuwa nawaza wageni wa kesho, kama wana viatu vya kupandia au watakuja na ndala kama wale wa Jodhpur.

"Kaka," nikasikia kwa mbali. "Tingisha kichwa."

Nikajua ni utani wake.

"Kaka... tafadhali."

Ardhi chini yangu ilikuwa kavu. Nikainua macho. Sagat alikuwa ameshika kikombe kidogo cha watoto, nacho kilikuwa kinamimina, hakiishi. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Maji yalinukia manjano. Manjano aliyoyaoga na kuyasahau zamani.

Nilijua ninachotakiwa kufanya. Ni kitu kidogo. Nilijaribu kukumbuka shingo inageuzwa vipi, nikaendelea kunywa. Sikumwonea huruma. Nalisema hivi hivi lilivyo, sikumwonea.

Mirga ndiye aliyeruka, na tumbo lake lile. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakitingisha kwa nguvu huku akilia, "Ametingisha! Ametingisha! Basi!"

Sagat akadondosha kikombe. Akakiangukia.

Leo ameamka, ameweza kuketi. Sikungoja jioni aje na maji. Nimekuja huku juu mchana, nikakaa chini ya kibanda cha mwisho, ambapo hakuna wa kunimiminia. Mirga nimemwambia amfungie mumewe ndani, na asimwambie nimeelekea wapi. Aliitikia bila kunitazama usoni.

Jua linazama. Mapanga yamenyamaza.

Chini kule, njia inapoishia, nasikia pikipiki imezimwa. Namjua mdogo wangu. Ana heshima kupita kiasi, na maji kwetu hayanyimwi. Nataka kumpigia kelele arudi.

Viganja vyangu vimeshafika mdomoni.