Zamu ya Arobaini

Katika Ghala la Utulivu, nje kidogo ya Tukuyu, maparachichi milioni mbili yalikuwa yamelala kama watoto walioshiba. Mashine iitwayo kituliza-wakati iliunguruma taratibu, na wakati ukapita humo kwa kujivuta. Zamu moja ya saa nane ndani ilikuwa miezi sita nje. Matunda yaliyochumwa wakati soko la Ulaya limefurika yalisubiri humo hadi yaadimike, kisha yakasafirishwa yakiwa mabichi vilevile.

Mashine haikuwa na vidole, ndiyo maana Atuganile aliajiriwa. Alipita kati ya makreti akibonyeza kila tunda karibu na kikonyo, akiyatoa yaliyoanza kulainika. Mwanga wa humo ulikuwa mweupe kama maziwa, na hata mawazo yalikuja polepole. Tuseme ukweli, alipapenda.

Siku arobaini zilizopita, kwa siku zake yeye, alimsindikiza binti yake Subilaga aliyekwenda Uholanzi kusomea biashara ya matunda. Subi alikuwa na miaka kumi na tisa, yeye thelathini na saba.

"Ukirudi utanikuta mlangoni," alimwahidi.

Kila alipotoka zamu alisikiliza salamu za sauti za bintiye, akalala usiku mmoja, akarudi kazini. Ada ilihitaji zamu chache tu. Zilizobaki zilikuwa za kukimbia upweke, maana ndani ya ghala kungoja hakukuuma.

Leo alipotoka alimkuta mlangoni mwanamke mwenye miwani, mvi zimeanza kumtokea. Atuganile akainama kwa adabu.

"Shikamoo, dada. Hujamwona binti mmoja mwembamba, ana sweta la njano? Ni mwanangu, anarudi leo."

Mwanamke hakuitikia.

"Sweta lile lilichakaa zamani," alisema. "Shikamoo, mama."

Hapo ndipo Atuganile alipohesabu kwa mara ya kwanza bila kujidanganya. Zamu arobaini. Miaka ishirini.

"Subi, nilitaka nisikungoje sana."

"Nimekuja mara tatu, mama. Kila mara waliniambia uko ndani."

Kengele ya zamu ililia. Atuganile alivua koti lake la kazi, akamfunika nalo bintiye mabegani, kwa kuwa baridi ya Tukuyu ilikuwa imeanza kushuka.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia mwishowe, na sauti yake ilikuwa changa kuliko ya binti yake.