Nusu Kikombe

Mimi si mtu wa kuamini uchawi. Paka mweusi akikatiza mbele yangu nampisha, naendelea na safari. Lakini haya yamempata dada yangu wa tumbo moja, na mengine nimeyaona kwa macho yangu haya mawili. Anayetaka kubisha abishe.

Dada ni afisa wa afya. Ugonjwa ukizuka mahali, yeye ndiye hutumwa kuuliza: mlikula nini, maji mliteka wapi, nani alitangulia kuugua. Watu walimbandika jina la Mama Sabuni, kwa jinsi anavyowasimamia kunawa mikono kama watoto wa chekechea. Nyumba akishaimaliza huchora duara la chaki mlangoni, ili wenzake wasiirudie. Na ana sharti moja: kwenye nyumba za wagonjwa hanywi hata tone la maji.

Kipindupindu kilipoingia mtaa wa bondeni, dada alikosa usingizi. Mama yetu anaishi kilimani, juu ya mtaa huo, na mwili wake sasa ni mifupa mitupu.

"Kikimfika mama, hatuna mama tena," aliniambia. "Kaa naye. Chemsha maji, na uvivu wako uweke pembeni."

Asubuhi moja, jua linawaka na watu wanafua, akaanza na nyumba ya fundi viatu. Mlangoni palikuwa na duara tayari.

"Nani amepita hapa?" akamuuliza mke wa fundi.

"Makubwa! Si wewe, jana? Ulikaa hapo hapo. Ukaomba maji, ukanywa nusu, ukamwambia mume wangu amalizie."

"Yuko wapi?"

"Si mmemchukua alfajiri, mkampeleka kambi ya wagonjwa?"

Jana yake dada alishinda maabara, akipima maji ya mtaa. Yote yalikuwa safi.

Kwa jirani, duara. Kwa muuza mkaa, duara. Maneno yale yale: ulikuja, ukanywa nusu. Aliyemalizia ndiye aliyeugua. Dada akajipa moyo kwamba kuna tapeli amevaa koti kama lake. Akayafuata maduara mlango kwa mlango. Yalikuwa yanapanda kilima.

Hapo akaanza kukimbia.

Mimi nilikuwa uani, nachochea moto. Nikamsikia mama sebuleni, anacheka.

"Umesahau nini tena, mwanangu? Si umetoka sasa hivi?"

Nikaingia. Dada alikuwa mlangoni, anahema, jasho linamtiririka. Mkononi mwa mama, kikombe. Maji nusu.

"Mama," dada alinong'ona. "Umeyanywa?"

"Bado. Ndiyo nataka kumalizia. Maji hayatupwi."

Dada akampokonya, akayamwaga nje, akakipasua kikombe ukutani. Kisha akamkumbatia, akaangua kilio. Nami nikalia. Mama akatugombeza sote kwa ajili ya kikombe chake.

Tangu siku ile hakuugua mtu mwingine. Dada akasifiwa, akahamia kwetu amtunze mama. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi mno.

Ila dada yangu, tangu utotoni, humaliza kikombe mpaka tone la mwisho. Ndivyo mama alivyotulea. Huyu anabakisha. Kila siku, nusu. Siku ile waliingia wawili kwa mama, na sijui aliyebaki ni yupi. Basi kila anapobakisha, mimi huwahi kuyamwaga. Nimwambie nani? Watasema nimerukwa na akili.

Leo nimechelewa sokoni. Nimerudi, dada hayupo. Nimefunga mlango nyuma yangu, nikaona duara la chaki, bichi, upande wa ndani. Mezani kuna kikombe. Kitupu.

"Mwanangu," mama ananiita kutoka chumbani, sauti imemkauka. "Njoo unishike. Tumbo linanisokota."