Alikiri Kosa, Rufaa ya Nini?

Kila asubuhi mke wa fundi bomba alipiga pasi nguo za watu. Nyuma ya meza yake kulikuwa na kitanda cha mama mkwe. Bibi huyo alikuwa mgonjwa sana, na alikuwa na swali moja tu.

"Mwanangu anarudi lini?"

"Karibuni, mama."

Karibuni gani? Fundi alikuwa amefungwa miaka mitatu. Alifungua bomba kuu bila kibali, akawaunganishia majirani maji. Mahakamani hakuzungusha maneno, alikiri. Hakimu akasema, "Sheria hainipi nafasi. Kosa hili ni jela, lazima." Majirani waliokunywa maji hayo hawakuja hata kusikiliza hukumu.

Mdogo wake fundi alikuja nyumbani jioni ileile ya hukumu.

"Shemeji, tukate rufaa."

"Rufaa ya nini? Kaka yako amekiri. Sasa akaseme hakufanya? Sisi si waongo!"

"Kweli kabisa," bibi alisema kitandani. "Mwanangu hasemi uongo."

Basi, heshima ya nyumba ikalindwa, na mwenye nyumba akaendelea kulala jela.

Miezi ikapita. Bibi akazidi kudhoofu. Siku moja mke alikwenda kumwona mumewe. Kwenye benchi la langoni alimkuta msaidizi wa sheria, mwanamke anayesaidia familia za wafungwa.

"Mumeo amekata rufaa, dada?"

"Alikiri kosa."

"Sijauliza hilo. Mtu anaweza kukubali kosa na bado akapinga adhabu. Hayo ni mambo mawili."

"Lakini hakimu alisema jela ni lazima."

"Hakimu naye hukosea. Kuna makosa ambayo kifungo ni lazima. Mengine, mahakama inaweza kuchagua faini, kifungo au kazi za jamii. Niletee nakala ya hukumu nisome."

Mke alipoileta, msaidizi aliisoma, akasoma na sheria yenyewe. Akatikisa kichwa.

"Hapa kifungo si lazima. Hakimu alikuwa na nafasi ya kuchagua, akasema hana."

"Kwa hiyo mume wangu anaozea humu bure?"

"Kosa alifanya. Ila adhabu haikupimwa. Na muda wa kukata rufaa umeshapita. Itabidi kwanza tuombe kuongezewa muda. Angesema mapema, maofisa wa gereza wangemsaidia kuandika rufaa."

Mke alilia palepale, kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe.

Waliomba muda, wakapewa. Wakasubiri tarehe. Bibi hakuweza kusubiri. Alifariki, akazikwa, na fundi akapewa habari na askari mlangoni mwa seli.

Ndipo jaji akasikiliza rufaa. "Kosa lipo," alisema, "lakini kifungo hakikuwa cha lazima." Akamwachia fundi, akaamuru atengeneze mabomba ya zahanati kama kazi ya jamii.

Fundi alirudi, akaketi kwenye kitanda kitupu.

"Ungeuliza mapema," alisema.

"Nilidhani kukata rufaa ni kusema uongo."

Mpaka leo hawajalizungumza tena.

Siku hizi mke huenda langoni siku za kutembelea wafungwa, akaongea na wake zao. Juzi mmoja alimwambia kwa kujigamba, "Mume wangu ni mkweli. Alikiri."

"Hata wangu," akajibu. "Nenda benchini ukaulize, leo hii. Mimi nilichelewa, tukamzika mama yake bila yeye."